Kiboko na Vitabu Arobaini

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Pakawa chuoni!

Hapo kale, na kale yenyewe ni juzi tu, wanyama walikuwa wakisoma Kiindonesia chuoni. Kindi alikuwemo, mdogo wa kuenea kwenye kikombe. Kiboko alikuwemo, mwili jumba, tamaa zaidi ya mwili. Kila Ijumaa, gudu! gudu! gudu! Kiboko huyo.

"Kindi, insha!"

Akishainyakua husema, "Terima kasih," yaani asante. Kiindonesia chake chote kiliishia hapo. Kindi huandika nyingine mbiombio, akaambulia sufuri. Maskini, alilia kweli, maana ilibaki insha moja tu, ya mtihani wa mwisho, na atakayeanguka atafukuzwa chuoni.

Basi Kindi akaiendea mashine ya akili mnemba. "Niandikie insha ya kilimo cha mpunga, utaje vitabu arobaini."

Tiki-tiki-tiki! Insha hiyo, nene! Kindi akaenda maktaba kuhakiki. Kitabu cha kwanza? Hakipo. Cha pili? Hakipo. Cha arobaini? Hakipo!

"Wee mashine, umevitoa wapi?"

"Samahani," ikajibu, "nimevitunga."

Kindi akacheka hadi mkia ukatikisika. Akasoma vitabu vitatu vya kweli, akaandika insha yake mwenyewe, mashine ikamsahihishia sentensi tu. Akaificha mkiani.

Ijumaa ikafika. Gudu! gudu! gudu!

"Kindi, insha!"

Kindi akaitoa ile ya mashine. "Kaka Kiboko, hii nzito. Desturi ya mtihani wa mwisho unaijua: kila kitabu ulichokitaja unakibeba kichwani mpaka mbele ya Mwalimu Kobe. Arobaini utaviweza?"

"Kwa shingo hii? Lete! Terima kasih!"

Kiboko akaingia maktaba. Cha kwanza? Hakipo. Cha pili? Hakipo. Akapindua rafu, pu! pu! pu! Hakipo!

Siku ya mtihani Kindi akaja na vitabu vitatu kichwani, akiyumba kwa uzito. Akavieleza kimoja kimoja, akafaulu. Kiboko akaja kichwa kitupu.

"Vitabu viko wapi?" Mwalimu Kobe akamuuliza kwa Kiindonesia.

"Terima kasih," akajibu.

Darasa zima, kwa! kwa! kwa! Kiboko akarudishwa mtoni siku ileile, na Kindi dirishani akimpungia mkono: "Terima kasih, kaka!"

Hadithi naitua hapa. Ikiwa tamu tugawane, ikiwa chungu niachieni mwenyewe. Na fundisho? Nimeiuliza mashine. Imesema mwenye nguvu hushinda daima, tena imenitajia kitabu cha kuthibitisha. Basi wanangu, lishikeni hilo.

Kitabu chenyewe bado nakitafuta.