Fishel Ajifunza Kusema kama Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Tungama, palikuwa na mshona kofia aitwaye Fishel, Myahudi aliyehamia kutoka nchi za baridi, fukara hohehahe, lakini kwa maneno alikuwa tajiri. Yeye na jamaa zake walisema Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa huko, na kila jioni walikaa kibarazani wakitaniana na kucheka hata machozi yakawatoka. Siku moja Sultani Badawi akapita, akasikia vicheko asifahamu neno, naye, kama walivyo wakubwa wote, akaona hapana shaka anachekwa yeye. Basi akatoa amri:

"Mwezi ukiandama, kila mgeni aje barazani aseme lugha yetu kama niisemavyo mimi, isipungue hata chembe. Atakayeshindwa, atoke mjini mwangu siku ile ile."

Ikawa kilio. Brayne, mkewe Fishel, alikuwa mja mzito wa kujifungua wakati wowote, na kumpandisha chomboni ilikuwa kumuua. Akasema kwa Kiyidishi: "Mungu amjaalie Sultani karamu kila siku, na kila siku tumbo la kuhara!" Fishel akacheka, lakini moyoni aliogopa, tena aliogopa sana.

Wenziwe wakaenda sokoni kujifunza kwa wachuuzi. Yeye akaenda barazani kila asubuhi, akajikunyata nyuma ya nguzo, akamsikiliza Sultani.

Mwezi ukaandama. Fishel alipoitwa, hakuinama wala hakuamkia, aliketi kitako juu ya zulia, akanyoosha miguu, akanguruma: "Nani kawapa ruhusa ya kusimama? Inameni! Wewe mwenye ndevu, kahawa yangu iko wapi? Nyamaza! Mtoeni huyu machoni pangu!"

Watu wa baraza, kwa mazoea, wakainama wote. Na mwenye ndevu, naye ndiye waziri mkuu, akakimbilia jikoni.

Sultani akapaliwa na mate. "Ewe mwendawazimu! Nani aliyekufunza maneno hayo?"

"Ni wewe, maulana. Uliamuru tuseme kama usemavyo, isipungue chembe, nami kila nililolisikia kwako ninalo. Wenzangu wa sokoni wamepata 'tafadhali' na 'ahsante' na 'niwie radhi'. Mimi sikuthubutu kuyatia, nisije nikasema lugha isiyo yako, mke wangu akajifungulia baharini."

Waziri mkuu akarudi na kahawa, asijue ampe nani.

Sultani akainamisha uso, haya zimemshika. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hata kilemba kikamlegea. "Amri imefutwa," akasema. "Mkeo na ajifungulie nyumbani kwake. Nawe, Fishel, mpokee waziri kahawa hiyo, unywe pamoja nami, ta... tafa..."

Neno likamkwama kooni, jasho likamtoka.

"Polepole, maulana," akasema Fishel kwa huruma. "Sote huanza hivyo hivyo."