Kindi na Visamaki vya Kidimbwini

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na meko, Kindi alipenda kuvua kidimbwini visamaki vidogo kama punje ya mchele. Hakuvila. Alivitazama, akacheka, akavirudisha majini.

Siku moja akaja Mzee Kiboko, na rafiki yake Nyati nyuma.

"Binti, toka. Katika kidimbwi hiki nitagaagaa mimi kuanzia leo."

Moyo wa Kindi ukapiga du, du, du. Kiboko akigaagaa humo, kutabaki tope tupu na visamaki vyote vitakufa.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Lakini desturi yetu si unaijua? Wawili wakigombea maji, huyapata wa kwanza kutoa samaki."

"Ni kweli," Nyati akasema.

"Basi nivue, nimalize," Kiboko akasema.

"Wewe mkubwa, chagua ndoana kwanza." Kindi akaweka chini mbili: jino la ngiri lililopindwa, na mwiba wa mgunga.

Kiboko hata hakuutazama ule mwiba. Akanyakua jino, akachomeka kiazi kizima kutoka kapuni mwake, akatupa. Chubwi!

Visamaki vikakimbilia kiazi. Nye, nye, nye, vikakidonoa. Kiboko akavuta, ndoana ikatoka tupu.

"Humu mna jitu!" akanong'ona, macho yamemtoka.

"Ongeza chambo, mzee," Kindi akasema kwa adabu.

Kiboko akaongeza. Nye, nye, nye. Akaongeza tena, mpaka kapu lake la chakula cha mchana likaisha. Kufikia hapo visamaki vya kidimbwi kizima vilikuwa vimejaa miguuni pake.

Ndipo Kindi akatumbukiza mwiba wake wenye chembe ya kiazi papo hapo. Tii! Akanyanyua kisamaki kimoja kinachometa.

Kiboko akacheka hadi tumbo likatikisika. "Huyo ni samaki au kope ya jicho?"

"Ana mkia, ana magamba. Nyati, inama umwangalie."

Nyati akainama, pua yake ikakaribia kugusa mwiba.

"Rafiki yangu," akamwambia Kiboko, "ananitazama. Huyu ni samaki."

Kiboko akaondoka na njaa yake, amenuna. Kindi akakirudisha kisamaki majini, na furaha ilimjaa hata mkia ukasimama wima.

Kesho yake asubuhi akasikia vishindo. Alikuwa Kiboko, peke yake, amesimama mbali na ukingo asiyatibue maji.

"Binti," akasema kwa aibu, "una mwiba mwingine? Na mimi nataka kumwona huyo anayetazama."

Kindi akampa, wakaketi pamoja.

Hadithi inakomea hapo ukingoni, wanangu: kabla hujamcheka mdogo, inama kwanza umtazame machoni.