Bendera ya Chuo Kikuu cha Ng'ambo

Kikao cha Dharura cha Kamati Ndogo ya Kupitia Upya Mpangilio wa Ukaaji Kivulini: ndilo jina lililotangazwa kutoka juu ya jiwe la enzi kilimani, kisha likarudiwa kwa faida ya wajumbe waliokuwa wamelala. Zama hizo wanyama walikuwa bado wanaongea, ila mvua ilikuwa imeacha kuongea nao. Nyika ilikauka hata nyasi zikawa zinavunjika kama vijiti. Kisima kilibaki kimoja, kivuli cha maana kilibaki kimoja, na Kamati, kwa kuwa haikuweza kuongeza maji wala kivuli, ikajadili mpangilio.

Uamuzi ulikuwa huu. Mbele, kwenye kivuli kizito, watakaa waliosoma ng'ambo pamoja na wazazi wao. Nyuma yao watakaa wenye watoto wanaojiandaa kwenda. Wengine wote watakaa juani, wakiwemo waliosoma kwa Mhanga, kwa kuwa, alivyosema Simba, hao wamezoea.

Mhanga alikuwa na chuo chake bondeni. Ni mnyama wa masikio marefu na kucha nene, na alifundisha kile alichoumbwa nacho, yaani kuchimba, na hasa kuchimba maji. Chuo hakikuwa na lango wala wimbo. Mwenyewe alikuwa ameomba ruhusa ya kuchimba nyuma ya kilima cha mfalme, akiamini maji yako huko. Ombi lilikuwa linashughulikiwa. Tatizo lilikuwa ile Amri ya Mgongo, sheria ya tangu babu yake Simba, inayosema raia humtazama mfalme kwa mbele tu. Hakuna aliyewahi kukanyaga nyuma ya kilima, na ukimuuliza yeyote kukoje huko, angekwambia mfalme hana nyuma.

Mzee Ngiri alikuwa amekaa kivulini tangu ujana wake. Siku ya uamuzi aliinuka akahamia juani, na waliomwona wanasema alitembea polepole kuliko ilivyohitajika. Jioni alimwita binti yake, Siwema.

"Mwanangu, utakwenda ng'ambo."

"Baba, mimi nataka kujifunza maji. Anayefundisha maji ni Mhanga."

"Kwa Mhanga utarudi na nini? Vumbi? Vumbi tunalo. Nikiulizwa binti yako yuko wapi, niseme yuko shimoni?"

"Sisi ni ngiri, baba. Tunalala shimoni."

"Ndiyo maana nataka utoke."

Siwema alikuwa na maneno mengine, lakini aliona jinsi ngozi ya shingo ya baba yake ilivyobabuka kwa siku moja tu ya jua, akayameza.

Njia ya kwenda ng'ambo, ng'ambo ya mto, aliijua Sungura peke yake. Alisema amesoma huko, akafundisha huko, na sasa ndiye mkuu wa chuo. Masuala madogo yalikuwa chini ya wakala wake, Fisi. Kila mtu alitegemea Fisi atadai mifupa. Kumbe alidai nafasi ya mzazi kwenye foleni ya kisima. Mzee Ngiri, aliyekuwa akinywa miongoni mwa wa kwanza, akarudi mkiani, mahali ambapo kisima kikikufikia kinakupa tope na pole. Fisi alikunywa kwa nafasi yake, akazunguka, akanywa kwa nafasi ya mzazi wa Nyumbu, akazunguka tena, akanywa kwa nafasi ya Ngiri. Alipoulizwa kama hachoki alijibu kwamba kazi ya elimu inataka moyo.

Asubuhi ya safari Sungura aliwafunga wanafunzi wapya macho kwa majani mapana. Alieleza kuwa huo ni utaratibu wa mpakani, kwamba nchi zilizoendelea haziruhusu kutazamwa kabla hujafika. Kisha akaonya: msafiri hageuki nyuma, akigeuka masomo yake yanaingia nuksi. Wakashikana mikia, wakatembea. Walipanda, wakashuka, wakapanda tena. Siwema alidhani wamepita jiwe moja lenye ncha zaidi ya mara moja, lakini akajiambia kuwa hata ng'ambo kuna mawe.

Jua lilipoanza kushuka, wakafika mpakani. Mpaka wenyewe ulikuwa shimo. Fisi alisimama mlangoni na kazi yake ilikuwa nyepesi: mwanafunzi anaingiza kichwa, anazama gizani, jani linavutwa. Punda Milia akaingia. Akafuata Digidigi. Ikawa zamu ya Siwema.

Sasa, ngiri, tangu ngiri wa kwanza, haingii shimoni kwa kichwa. Huingia kinyumenyume, ili meno yabaki mlangoni yakimsubiri mwenye nia mbaya. Siwema hakufanya hivyo kwa ujanja wala ubishi. Alisikia harufu ya shimo, akageuka, akatanguliza makalio, kama alivyofundishwa na mama yake. Fisi, aliyekuwa akiwaza chakula cha jioni, aliona mwili umezama akavuta jani.

Siwema akatazama nje. Mbele yake, kati ya matawi ya kichaka kilichoficha shimo, umbali wa kurusha jiwe, kilikuwapo kisima cha kwao. Ilikuwepo foleni. Na mwisho kabisa wa foleni alisimama baba yake, ulimi nje, shingo ameinyoosha kuelekea mtoni kama asimamavyo mzazi ambaye binti yake hivi sasa anavuka mto.

Kitambo kidogo alijaribu kuamini kwamba ng'ambo nako yupo mzee ngiri mwenye ulimi kama ule. Akafungua mdomo aite. Fisi akampiga teke la kifua, "Twende, binti, wenzio wanangoja," na Siwema akateleza hadi upande wa pili.

Upande wa pili palikuwa na uwanja uliozungukwa na miiba. Nyumbu na wenzake wa mwaka jana walikuwa wakichimba, na kati yao palikuwa na dimbwi la maji, maji ya kweli, yenye mbingu ndani yake. Juu ya uwanja liliinuka jiwe kubwa, na kutoka juu ya jiwe ilining'inia bendera ya chuo: kamba nene ya rangi ya udongo, ncha yake ina kishungi cheusi. Sungura aliwapanga wakaipigia saluti. Kisha akawasomea ratiba. Asubuhi ni saluti. Baada ya saluti ni somo la vitendo, ambalo ni kuchimba. Jioni ni marudio ya somo la vitendo. Kunywa ni baada ya mahafali, isipokuwa kwa mkuu wa chuo na wakala, ambao wanakunywa kwa ajili ya utafiti.

"Na tukirudi nyumbani tuseme tumesomea nini?" aliuliza Digidigi.

"Semeni mmesoma ng'ambo," alisema Sungura. "Hakuna atakayeuliza zaidi ya hapo. Hajaulizwa hata mmoja."

Siwema aliitazama bendera. Hapakuwa na upepo, lakini bendera ilitikisika. Nzi akatua juu ya jiwe. Bendera ikainuka, ikampiga, ikashuka taratibu.

Akamnong'oneza Nyumbu: "Bendera gani inaua nzi?"

"Ya ng'ambo," alisema Nyumbu bila kuacha kuchimba. "Wenzetu wameendelea."

Siwema akakaa chini, akafikiri. Alifikiria kurudi shimoni, lakini Fisi alikuwa amelala humo baada ya kunywa, amelijaza kama kizibo. Alifikiria kupiga kelele, lakini kutoka juu ya jiwe ilishuka sauti nzito ikitangaza kikao kingine cha Kamati Ndogo, na hakuna kelele inayoshinda tangazo la namna hiyo. Akafikiria ulimi wa baba yake. Basi akapanda jiwe, akaishika bendera ya Chuo Kikuu cha Ng'ambo kwa meno, akaivuta kwa nguvu zote alizorithi kwa ukoo wa wachimbaji.

Ngurumo iliyofuata iliwaamsha hata wajumbe wa Kamati. Simba hakuwa amewahi kugeuka maishani. Mfalme hutazamwa, hatazami huku na huku. Aligeuka kwa shida, kipande kwa kipande, kama mlango wa zamani, akatazama chini nyuma yake mwenyewe.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

Sungura alikwisha kuinama hadi masikio yakagusa vumbi. "Ni ng'ambo, Mtukufu. Hatimaye umefika. Tulikuwa tunakuandalia shahada."

Mkia ulikuwa unamuuma Simba, na aligeuka na nia ya kula mtu. Lakini neno lile lilimwingia taratibu.

"Shahada ya ngazi gani?"

"Ya juu kuliko zote. Ikibidi tutaongeza ngazi."

Simba akarekebisha manyoya ya shingo. Siwema aliona jambo linavyokwenda: kabla ya machweo mfalme angekuwa msomi, dimbwi lingebaki la Sungura, na baba yake angebaki pale alipo mpaka atakapoanguka. Akashuka jiwe, akapiga goti.

"Mtukufu, mimi ni mwanafunzi mgeni, nina swali moja kwa mkuu wa chuo. Huku ng'ambo, mfalme ni nani?"

Sungura alifungua mdomo. Akisema ni Simba, basi hapa si ng'ambo. Akisema si Simba, atakuwa amelisema hilo mbele ya Simba. Akaufunga mdomo. Inasemekana angepata jibu, maana hajawahi kukosa, ila wakati huo huo Fisi alichomoza kichwa shimoni, macho mazito ya usingizi. Alikuwa amesikia neno "nani" na neno "huku," na kwa Fisi maneno hayo yakikutana ujue kuna kitu kinagawanywa.

"Maji ni ya Sungura na mimi," alisema haraka. "Mfalme hana fungu huku. Tulikubaliana."

Hapakuhitajika ushahidi zaidi. Simba alifungua njia ya miiba kwa kucha zake, na foleni ya kisima ikaamriwa izunguke kilima. Kwa kuwa foleni iligeuka palepale ilipokuwa, mkia ukawa kichwa, na mzee Ngiri akafika dimbwini wa kwanza. Fisi alijikuta nyuma, kwenye nafasi zote alizokusanya, na akaamriwa asimame katika kila moja kwa zamu. Sungura alipewa adhabu ya kusoma. Yuko bondeni kwa Mhanga, mwaka wa kwanza, na ripoti zinasema anachimba kwa ulimi zaidi kuliko kwa miguu.

Mzee Ngiri alikunywa mpaka akapumua. Kisha akamtazama binti yake.

"Kwa hiyo hukwenda."

"Nilikwenda, baba. Nilikuona kutoka huko."

Siwema alimwambia ataanza kwa Mhanga. Ng'ambo halisi ipo, alisema, na huenda kuna mengi ya kujifunza. Mvua ikinyesha na mto ukawa mto tena, atauvuka, lakini kwa macho wazi. Mzee Ngiri alifikiri, akasogea, akampisha anywe.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Sungura ilizunguka kilima kimoja tu.

Katika kumbukumbu za Kamati tukio hilo linaitwa Ziara Rasmi ya Kwanza ya Mtukufu Simba katika Nchi za Ng'ambo na Uzinduzi wa Chanzo Kipya cha Maji. Kilichotokea ni kwamba ngiri mmoja alimvuta Simba mkia, na Simba akageuka.