Pipa Moja, Jina Moja

Hapo zamani, si zamani ya majitu bali hii hii ya ndege na pasipoti, marafiki watatu wa Tanga walikwenda kutembea Krete, kisiwa cha Wagiriki. Walikuwa Bi Maimuna, mwalimu asiyegusa kilevi. Shemweta, fundi magari mwenye papara. Na Nyamizi, ambaye ulimi wake haukujua likizo.

Wakafika shambani kwa Mzee Manolis, mtengenezaji wa mvinyo, na bintiye Irini. Mavuno yalikuwa yamekwisha, maji ya zabibu yanachacha mapipani, kwenye ghala la chini ya ardhi.

"Yakichacha hutoa hewa mbaya," mzee aliwaambia. "Huioni, huisikii. Ndiyo maana hatushuki bila mshumaa. Mshumaa ukizimika, geuka mbio."

Wakakaa mezani. Nyamizi akaanza. "Mzee wangu, tumetoka mbali, koo limekauka! Au mpaka zabibu ziote upya?"

Mzee akacheka, akaona haya kumchelewesha mgeni, akashuka mbio na jagi lake. Wakangoja. Kimya.

Bi Maimuna, aliyekuwa hana haraka na mvinyo wa mtu, akatazama mlango wa ghala. Mshumaa ulikuwa pale pale kwenye kishubaka, haujawashwa.

"Hakuchukua mshumaa!"

Shemweta akaruka. Bi Maimuna akamdaka shati. "Hushuki! Unataka tuzike wawili?"

"Niache, dada! Yule ni baba wa mtu!"

Irini alikuwa analia, anamwita baba yake. Nyamizi akanyakua kamba ya mapipa, akamfunga Shemweta kiunoni. "Bana pumzi. Nenda, kaka."

Akashuka. Akamkuta mzee kalala chini, akamkumbatia. Lakini pumzi ikamwishia, akaanguka naye. Nyamizi na Irini wakavuta. Kamba ikachuna viganja vya Nyamizi, damu ikatoka, hakuiachia. Wakatoka wote wawili, na baada ya muda wakakohoa. Jamani, kikohozi kile kilikuwa kitamu kuliko nyimbo.

Sasa, shamba lile lina desturi. Kila mwaka pipa la kwanza hupewa jina la mtu mmoja, na kila anayekunywa mvinyo wake humwombea heri mtu huyo. Pipa moja, jina moja. Irini akaja na brashi. "Aliyemwokoa baba nani?"

"Mimi," akasema Shemweta. "Nani mwingine aliyeshuka?"

"Ukaanguka, ukatuongezea mzigo," akasema Nyamizi. "Mimi niliwavuta. Tazama mikono hii."

"Mikono hiyo ina ulimi uliomkimbiza mzee," akasema Bi Maimuna. "Mimi niliona mshumaa. Nisingemzuia huyu, angeshuka bila kamba."

"Ulimzuia, ndiyo. Wewe ulishuka?" akauliza Nyamizi. "Halafu jina la mwanamke wa Kiislamu kwenye pipa la mvinyo! Nyumbani utasemaje?"

Bi Maimuna akajibu, "Nitasema ni pipa la mzee aliye hai."

Mzee Manolis akawatazama wote kwa upendo, akashindwa kuamua. "Mwanangu, chagua wewe."

Irini bado ameshika brashi, rangi inamkaukia. Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa hapo: Shemweta aliyeshuka, Nyamizi aliyeponza kisha akavuta, au Maimuna aliyeona na kuzuia? Angekuwa ni baba yako aliyekohoa pale, je, ungeandika jina la nani?