Koti Lililokwenda Kanisani

Hadithi inabisha hodi!
— Karibu, mlango wazi!
Imetoka mbali, imechoka!
— Ikae, ipewe maji!

Hapo kale, huko mlimani kwenye migomba na ukungu, palikuwa na mtu, jina lake Elirehema, na mkewe Aikande. Mali yao mbuzi mmoja, tena mkorofi. Lakini Elirehema alijua kuomba! Akianza kuomba, hata yule mbuzi anaacha kutafuna, anasikiliza.

Mungu akawabariki. Kahawa ikazaa. Ng'ombe wakajaa zizini. Nyumba ikaezekwa bati. Jumapili moja kengele ikalia, Elirehema yuko mezani na chai yake ya maziwa.

"Baba Kundaeli, tunachelewa," akasema mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Leo nina wageni wa kununua kahawa. Mungu ananijua." Akaligeukia koti lake la zamani lililotundikwa msumarini. "Wewe koti, nenda ukanikalie kanisani."

Mnacheka? Koti likashuka msumarini, likaenda.

Jumapili ya kwanza, koti likakaa. Ya pili, koti likaimba. Ya tatu, koti likaomba, na watu wakatokwa na machozi. Nje wakalisalimu, "Bwana asifiwe, Elirehema!" nalo likaitika, "Amina!" Mwenyewe yuko nyumbani, anakula, analala, anaamka, anakula, wala haoni alichopungukiwa. Hapo ndipo aliponiudhi mimi.

Basi Aikande akashikwa na homa kali. Mchana ule ukungu uliingia mpaka chumbani, ukakaa naye kitandani.

"Baba Kundaeli, niombee. Ukiniombea ndipo napata usingizi."

Elirehema akapiga magoti, akafungua kinywa. Kikasema, "Kahawa imekauka?" Akajaribu tena. Kikasema, "Maziwa yamepelekwa?" Akajaribu mara ya tatu. Kikasema, "Nani kafunga zizi?"

Aikande akageukia ukutani.

Ndipo koti likaanza kuomba pale msumarini, taratibu, kwa sauti ya yule Elirehema wa mbuzi mmoja. Aikande akageuka, akanyoosha mkono, akaushika mkono wa koti.

"Huyu ndiye aliyenioa," akasema.

Jamani, moyo ulimuuma yule bwana!

"Koti, nirudishie sauti yangu. Nitakupa ng'ombe."

"Nitamkamua kwa vidole vipi?"

"Nitakupa shamba."

"Nitalila?"

"Basi nikuvae!" Akalivaa. Tumbo likakataa. Vifungo vikaruka, pu! pu! pu! mpaka uvunguni. Akalirudisha msumarini, akakaa sakafuni, akalia.

"Nimesahau kuomba. Nifundishe."

"Sema, Baba," likasema koti.

"Baba."

"Nilishiba nikakusahau."

Hapo akakwama. Koti likamngoja, na ukungu ukamngoja.

"Nilishiba... nikakusahau."

"Sema, mke wangu..."

Hilo hakusubiri kufundishwa. Akalisema mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza, maneno yanagongana, hayana mpangilio, mengine ni kilio tu. Aikande akasikiliza, akasikiliza. Kisha akaachia mkono wa koti, akashika wa mumewe, akalala usingizi.

Na koti? Elirehema aliliita. Halikujibu.

Hadithi inaomba njia!
— Njia nyeupe, iende!
Na ninyi mliokaa?
— Tunainuka wenyewe!