Jina la Mbele

Sogeeni, nyie mnaopenda kuamua ugomvi wa watu. Leo kazi mnayo.

Huko Uajemi, ukingoni mwa jangwa la chumvi, palikuwa na kijiji kisicho na maji wala jina. Desturi ya huko, kijiji huitwa kwa jina la aliyekiletea maji, kisha huongezwa "abadi", yaani mahali panapokalika. Pale waliishi ndugu watatu. Parvin alijua kusikia maji chini ya ardhi, Bahman alijua kuchimba, Ardavan alijua kufinyanga.

Watu walipokuwa wamefunga mizigo wahame, Parvin alilala kifudifudi mlimani, sikio chini, mpaka akapiga kelele: "Yapo! Chimbeni hapa!"

Bahman akachimba mfereji chini kwa chini hadi kijijini. Vumbi likamwingia kifuani, na kikohozi hakikumwacha tena.

Mfereji ukaanza kuporomoka. Ardavan akafinyanga pete kubwa za udongo za kushikilia dari. Kuni zilipokwisha, akakata mikomamanga yake yote ili tanuri lisizimike.

Maji yakaja. Watu walilia kwa furaha, lakini Parvin hakutulia. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na jina la kijiji ndilo pekee ambalo angeacha duniani.

"Dada, tuunganishe majina yetu yote matatu," Bahman akasema huku akikohoa.

"Kijiji cha mama kiliitwa Zarshapurabadi, kwa ajili ya Zari na mumewe Shapur," Parvin akajibu, hakai hasimami. "Wenye ngamia wakakifupisha, Zarshabadi. Leo wachunga mbuzi wanasema Zarbadi. Shapur yuko wapi? Watu wana ndimi vivu. La mbele hubaki, mengine huliwa."

"Basi langu litangulie," Ardavan akasema. "Wanangu hawana shamba tena."

"Na mimi sina pumzi," akasema Bahman.

"Bila sikio langu mngechimba wapi?"

Mpiga mbiu wa kutangaza jina alikwishapanda juu ya paa. Hutamka mara moja tu, na akishatamka hakuna kubadili. Wenye ngamia walikuwa wamekaza kamba, wanangoja jina waondoke nalo. Parvin akamshika Bahman mkono, akamwachia, akamshika tena.

Mpiga mbiu anawageukia ninyi. Je, wewe ungeanza na jina la nani? Na wale wawili, ungewatazamaje usoni?