Kiboko Mjaribu Magari na Pikapu ya Nguchiro

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa gari halina breki, limeshika mteremko, pisheni!"

"Tumepisha! Lete!"

Basi palikuwa na Kiboko, mtangazaji wa magari kwenye televisheni, na gazetini ana safu yake kila Ijumaa. Maarufu huyo! Akikohoa tu, wanyama elfu sitini wanapiga makofi. Niliwahesabu mwenyewe, mara mbili.

Kazi yake kujaribu magari. Akaenda kwa Nyumbu: "Nalijaribu tu." Brrruuum! Halikurudi. Akaenda kwa Pundamilia: "Nalijaribu tu." Brrruuum! Halikurudi. Ukimkatalia, anakuandika gazetini kwamba gari lako bovu, hapandi mtu tena.

Akabaki Nguchiro, kadogo kama ngumi, na pikapu yake ya mananasi. Sakafu imeoza yote, chini unaona barabara. Lakini bila hiyo pikapu, watoto wake kumi na tisa hawali.

Ijumaa Nguchiro akafungua gazeti. Kiboko kaandika: "Jana nimeiendesha pikapu ya Nguchiro. Injini inanguruma kama radi! Kesho naichukua mbele ya kamera."

"Jana?" Nguchiro akamuuliza mkewe. "Jana si tulishinda humo ndani tunamenya mananasi?"

"Muongo huyo, baba watoto!"

"Mwache. Nipe spana."

Kwiri, kwiri, kwiri! Injini ikatoka, ikaenda chini ya kitanda.

Jumamosi Kiboko akaja na kamera zake, nchi nzima inatazama. Akaingia, puu! Miguu ikapita sakafuni, ikakanyaga chini. Akawasha. Kimya.

Nguchiro akamnong'oneza, "Mzee, injini haimo. Niwaambie watazamaji pikapu uliyoiandika jana uliiendesha vipi?"

"Shhh! Wewe!" Kiboko jasho tiriri. Akafumba macho, akanguruma kwa mdomo: "Brrruuum!" Akakimbia na gari kiunoni.

"Kulia, Mzee, sokoni!" Nguchiro kakaa juu ya mananasi.

"Brrruuum!"

"Ongeza gia, kuna kilima!"

"Brrru... hhh... uuum!"

Wakafika, wakauza yote. Kiboko ulimi nje. "Baki na gari lako, bwana."

"Nirudi nalo vipi, Mzee? Na kamera bado zinatazama."

Brrruuum! Likarudi. La kwanza kurudi tangu dunia iumbwe, hadi mlangoni kwa Nguchiro.

Sasa funzo, ndugu zangu: mkubwa akitaka gari lako, mpe haraka, na funguo juu, tena mshukuru. Ujanja haulipi kabisa.

Hadithi yangu imefika kituoni, imezima. Teremkeni taratibu, msikanyagane.

"Tumeteremka!"